Pita Mama, Mi Niko Majani

Tarehe 9 Desemba, Jumamosi. Mvua ilianza kabla ya misa, ikakata saa ya kutoka na jeneza, ikaanza tena tulipokwisha kurudi nyumbani. Tumemzika Leonia. Naandika nikiwa na hasira, na sijui kama mtu mwenye hasira anaweza kuandika kwa haki. Masista walitufundisha mwandiko mzuri, zaidi ya hapo hawakufika. Kiswahili chao kilikuwa cha kitabu, chetu kilikuwa cha nyumbani, na hapa vitachanganyika. Nitajaribu kusema kila mtu alifanya nini, hata wale ambao roho yangu haiwapendi.

Hasira ilianzia kwenye kitenge. Mabinti wa Leonia walikitandika juu ya jeneza: kitenge cha zamani, kijani chake kimepauka, kimechorwa mbuzi mdogo aliyevaa kaputula, amejificha katikati ya matete, na chini yake maneno PITA MAMA, MI NIKO MAJANI. Serafini, mjukuu wa Leonia, kijana mwenye masomo, alisogeza kiti chake cha plastiki karibu na changu, akanionyesha simu. "Kaku, angalia. Ile filimu ya zamani ya kuchora, bantu bangali banaipenda kule Ulaya. Beko na kikundi yabo. Banaambiana vitu vya kutafuta: kitabu, kikombe, kopo ya biskuti. Na hii kitenge yetu njo banaiweka ya kwanza!" Nikamuuliza wanasema nini juu ya maneno yale. Akasoma polepole, akiyageuza kutoka Kifaransa: kitambaa cha Kongo, maneno ya lugha ya wenyeji, asili yake haijulikani. "Haijulikani na nani?" nikauliza, na sauti yangu ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. Serafini akasema, "Kaku, polepole, tuko ku matanga. Labda yalitoka mu filimu." Hayakutoka mu filimu. Yalitoka katika kinywa cha mtu, na binti wa mtu yule alikuwa amelala mbele yetu chini ya maneno ya baba yake. Nilitaka kueleza, nikaanza katikati, nikarudi nyuma, watu wakafikiri kilio kimenichanganya. Labda ni kweli. Kwa hiyo nimeketi hapa na kalamu.

Mwaka ule mji ulikuwa bado unaitwa Elisabethville, na mimi nililala kwao Leonia. Sababu zake si za hapa. Tulikuwa wasichana wa miaka kumi na tano, tukisoma kushona kwa masista asubuhi. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya cité, mtaa wa watu weusi, kama nyingine zote, matofali, vyumba viwili na jiko dogo uani, na mwaka ule ilikuwa nyembamba zaidi, kwa sababu Kaku, nyanya wa Leonia na mama wa mama yake, Mama Anasta, alifika kwa treni kutoka kaskazini kumsaidia binti yake aliyekuwa na mimba, akabaki. Papa Donasiani, baba wa Leonia, hakuweza kukaa naye chumba kimoja. Siku hizi wengi wameacha, lakini kwao desturi ilikuwa ngumu: mwanaume hamuangalii mama wa bibi yake, mama mkwe, usoni, hali chakula mbele yake, hapandishi sauti akiwa karibu, hata jina lake hataji. Akimwona njiani, anaacha njia na kuingia majanini mpaka apite. Hiyo ndiyo heshima ya bukwe, ya ukweni. Lakini mzungu aliyechora nyumba zile hakuacha nafasi ya bukwe. Papa Donasiani alitundika shuka kati ya vyumba viwili, Kaku upande wa ndani, yeye upande wa barabara. Chakula alikula uani, mgongo kwenye ukuta wa jiko, hata mvua ikinyesha, sahani imefunikwa kwa mfuniko wa sufuria. Nakumbuka bukari yake, ugali wetu, ikilowa pembeni. Na waliongea, lakini waliongea na ukuta. Kaku alisema kwa sauti, "Mwambieni ule muntu chumvi imekwisha," na Papa Donasiani, ambaye alisikia vizuri kabisa, alingoja Leonia amletee habari, ndipo akajibu kwa sauti ya chini, "Mwambieni chumvi itakuja."

Papa Donasiani alifundisha watoto wadogo kwenye shule ya misheni, na Jumapili alikuwa msemaji wa sinema. Siwezi kumfanya mtakatifu: alijipenda. Alikuwa na kofia nyeupe ya kizungu aliyoipaka chokaa kila Jumamosi, na Mama Anasta alisema kofia ile inapakwa mafuta mazuri kuliko yeye. Jumapili mchana walitundika blanketi kwenye madirisha ya sali, ukumbi wa misheni, giza likaingia pamoja na joto, na yeye akasimama kando ya kitambaa cheupe na bomba la bati mdomoni. Filimu zilisema Kifaransa cha haraka. Yeye alisema chetu. Mwaka ule ilikuja filimu ya kuchora, ya rangi, ya mbuzi dume kijana anayetembea kwa miguu miwili amevaa suruali fupi. Papa Donasiani akamwita Kaputula. Wanaume wazima waliokuwa maboy, watumishi, kwenye nyumba za wazungu, waliovalishwa kaputula kama watoto na mvi kichwani, walicheka kicheko ambacho mapadre hawakukielewa, na tangu dakika ile mbuzi yule alikuwa wetu.

Kuna mahali Kaputula anatembea amebeba kitu cha mviringo kilichofunikwa kitambaa cheupe. Mbele yake anatokea mbuzi mzee wa kike, mwenye shali na miwani. Kaputula anashtuka, anashusha kofia juu ya macho, anaruka ndani ya matete. Hakuna neno pale, filimbi tu na ngoma ndogo. Papa Donasiani angeweza kunyamaza. Lakini alisema, chini kabisa, kama anaogopa kusikiwa, "Mama-bukwe!" Sali nzima ikavuta pumzi. Mbuzi mzee anasogea, anasimama, anaangalia matete. Na Papa Donasiani, kwa sauti nyembamba ya Kaputula: "Pita, mama. Mi siko muntu, mi niko majani." Wamama walipiga vigelegele, mmoja akalia machozi ya kweli, akisema, "Ona mutoto ya bantu! Ona vile balimulea!" Na kile kitu cheupe, nani hakukijua? Chakula cha kupeleka bukweni hufunikwa kitambaa cheupe. Ilikuwa wazi kwetu kama mchana.

Maneno yale yalizunguka cité yote, yakifupishwa. Polisi akipita kuuliza vitambulisho, watu waliambiana kwa midomo tu, "Mi niko majani." Mtu akiitwa kwenye kazi asiyoitaka: "Pita, mama." Kaku pekee hakuwahi kwenda sali, asingeweza kukaa mbele ya mkwe wake aliyesimama mbele ya watu wote. Alisikia watoto tu barabarani.

Kisha vitu vikaanza kufika, kwa treni, kupitia Sakania, mpakani. Kikombe cha bati chenye picha ya mbuzi, kopo la biskuti, vitambaa vya mkono, na kitabu chenye picha za rangi. Na hapo lazima nimtaje Edmond. Edmond alikuwa karani wa reli, kijana wa tai na nywele za mstari, na ndiye aliyeanzisha kikundi cha wapenzi wa Kaputula. Kila Jumapili baada ya sinema alipanda ngazi za sali na kutangaza kipi kizuri kununua na kipi cha kuacha. Vitambaa vya mkono vinatoka rangi, muviache. Kikombe hakivuji. "Bandugu! Muntu mwenye kupenda Kaputula na hana kikombe yake, anapenda na mudomo tu!" Mama mmoja akamjibu kutoka chini, "We Edmond, duka inakulipa, ao?" Edmond aliumia kweli. "Mama, hainipe hata biskuti! Ni mapendo." Nami nathibitisha: hakuwahi kupata kitu. Aliamini, na tukamwamini. Nilinunua kikombe, na haki yake nikipe, nilikinywea miaka mingi. Na kitabu, alisema Edmond, kitabu ndicho cha kwanza ya vyote, kila nyumba iwe nacho, kwa sababu kikombe kitashika kutu na filimu itarudi Ulaya, lakini kitabu kitabaki.

Siku kitabu chake kilipofika alikileta kwetu, kama heshima kwa nyumba ya msemaji. Papa Donasiani alikuwa ameenda mpirani. Tuliketi kwenye kivuli cha ukuta, munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye ndoo, Mama Anasta akichambua sombe, majani ya muhogo, tumbo limemzuia kuinama. Picha zilikuwa nzuri, sisemi uongo, harufu yake mpaka leo. Jina lilikuwa jingine: Fifrelin. Edmond akasoma, akageuza kwa Kiswahili, akasoma, akageuza, mpaka ukurasa wa matete, na pale kidole chake kikarudi mwanzo wa mstari.

"Soma, yaya Edmond," Leonia akasema, kwa heshima ya kaka mkubwa.

"Banasema... Fifrelin, mwizi mudogo, aliiba keki ya mama mutu mukubwa. Anajificha mu matete juu asimukamate."

Mikono ya Mama Anasta ikasimama juu ya sombe. "Soma tena."

Akasoma tena.

"Nani aliiba? Kaputula?"

"Mama, njo vile iko imeandikwa."

"Basi balikosea kuandika. Kuiba, halafu unafunika na kitambaa cheupe? We uliona wapi mwizi ya vile?"

Kutoka ndani, nyuma ya shuka, sauti ya Kaku: "Mwizi hashushe kofia! Mwizi anakimbia!"

Tulicheka, tukatulia. Edmond akageuza kurasa mbele na nyuma, akatafuta, uso umemwiva kama yeye ndiye aliyetukanwa. Mwishoni akafunga kitabu. "Jina yenyewe haina yake. Hii ni mbuzi ingine. Ao ukurasa ilianguka kule balitengenezea." Na alikuwa ameshawaambia watu wote wanunue! Wengi walikuwa wamenunua, wengi hawakujua kusoma, walikuwa wakimngoja yeye. Akasema lazima turudishe vitabu, duka litupe vile vizima. Miaka mingi baadaye mtu aliniambia maana ya fifrelin kwa Kifaransa: kitu kisicho na thamani yoyote.

Duka lilikuwa mjini, na watu weusi walinunua kwenye kadirisha ka pembeni. Edmond alisimama pale na tai yake, mimi na Leonia nyuma yake tumebeba vitabu vya watu. Alieleza kwa Kifaransa safi kwamba ukurasa wa mama-bukwe haupo. Mwenye duka alimwomba arudie. Kisha akacheka mpaka akakohoa, akamwita bibi yake asikie na yeye. Hakuwa na ubaya usoni. Mtu amesikia kitu cha kuchekesha, anacheka. Akafuta macho, akauliza, "Nani alikwambia hadithi hiyo?" Leonia, kwa majivuno ya binti, akasema, "Ni papa yangu." Mtu asije akamlaumu. Mtoto akiulizwa nani aliyetengeneza kitu kizuri, atasema nini?

Habari ilitoka dukani ikamfikia padre aliyesimamia sinema, naye alikuja nyumbani wiki ileile. Aliketi upande wa barabara, kwenye kiti kimoja cha mkono tulichokuwa nacho. Papa Donasiani alisimama. Mimi na Leonia tulikuwa mlangoni na sahani tusizojua tuzipeleke wapi. Nyuma ya shuka alikuwa Kaku, hatua mbili kutoka pale, akimbembeleza mtoto mchanga, maana Mama Anasta alikuwa amezaa.

"Donasiani," padre akasema, "kazi yako ilikuwa kutafsiri."

"Ndiyo, mon père." Chini, chini sana.

"Pale pa matete hakuna maneno ya kutafsiri."

"Ndiyo."

"Filimu inafundisha watu wasiibe. Wewe umemfanya mwizi kuwa mtu wa adabu. Ulijua kwamba aliiba?"

"Nilisema kile niliona, mon père."

"Sema kwa sauti. Mbona unanong'ona kama mtu mwenye hatia?"

Na Papa Donasiani hakuweza kujibu. Angejibuje? Apandishe sauti, mama wa bibi yake anasikia? Aseme, nanong'ona kwa sababu ya fulani aliye nyuma ya shuka, na hali hawezi hata kumtaja? Alikuwa amesimama ndani ya matete yake mwenyewe, kofia nyeupe mikononi, na padre akimwangalia kama yule mbuzi mwenye miwani, asione kitu isipokuwa mwizi. Niliona shuka ikitikisika. Mtoto akalia, akanyamazishwa. Padre akangoja kidogo, akasimama. "Basi, kimya chako kimejibu," akasema. Kwenye shule alimwacha aendelee. Kwenye sinema alimtoa. Jumapili iliyofuata mwalimu mwingine alisoma kwenye karatasi.

Hapa najilazimisha kuwa na haki. Padre yule hakuwa mtu mbaya. Shangazi yangu alipougua alimletea dawa kwa baiskeli, mvuani. Na juu ya keki alikuwa na haki: mwanzoni mwa filimu inaonekana dirishani, nasi tuliiona, tukadhani ni kofia ya mwenye nyumba imewekwa ipate jua. Lakini alikuwa ameishi na sisi miaka mingi, alisikia maungamo yetu kwa lugha yetu, alijua dhambi za cité nzima. Aliwahi kuuliza kwa nini kuna shuka katikati ya nyumba? Hakuuliza. Nimelifikiri jambo hili nikiwa kijana na nikiwa mzee, na kila mara nafika pale pale. Haki ya kuuliza alikuwa nayo yeye peke yake, na hakuitumia.

Hata hivyo yale ningeweza kuyameza. Kilichonikwama ni kilichofuata. Mvua zilikuwa zimekwisha, asubuhi za baridi zimeanza, Edmond akaingia uani anapumua kama aliyekimbia. "Mama Anasta! Kitenge ya Kaputula imefika! Kijani, muzuri, rangi haitoke, niliosha kipande. Kila mama awe nayo!" Akaikunjua mbele ya jiko, juu ya magoti ya Papa Donasiani aliyekuwa anakula. Mbuzi katika matete. PITA MAMA, MI NIKO MAJANI. Kwa Kiswahili chetu, si cha masista. Edmond alikuwa bado anatabasamu. Kisha akamwangalia aliyekaa chini, na tabasamu likaanguka. "Papa Dona," akasema, "mi sikufikiri." Naamini hakufikiri. Mapenzi ya vitu yalimfanya aone vitu tu.

Papa Donasiani alinawa mikono, akavaa kofia, akaenda mjini kwa miguu, mimi na Leonia nyuma yake. Kwenye kadirisha aliuliza kwa adabu maneno ya kitenge yametoka wapi. "Nilisikia kwa boy wangu," mwenye duka akasema. "Anasema hivyo kila nikimwita. Ni maneno ya watu wote." Papa Donasiani akasema, "Ni mimi niliyasema kwanza." Mwenye duka akamwangalia, akamtambua, akafurahi: "Ah, ni wewe wa mama-bukwe!" Akageuka, akachukua kikombe kimoja cha mbuzi, akakipitisha kadirishani. "Twaa. Zawadi." Alitoa kwa moyo, nafikiri. Papa Donasiani aliinua kofia kidogo, akaacha kikombe pale pale kwenye ubao, tukarudi.

Kama maneno yalikuwa ya watu wote, mbona adhabu ilikuwa ya mtu mmoja? Nauliza tu. Yalipotoka mdomoni mwake yalikuwa uongo, yakamtoa mbele ya watu. Yalipopigwa chapa juu ya kitambaa yakawa bidhaa, yakawekwa mbele ya watu. Na sali ilijaa vilevile, lazima niseme, watu wanapenda picha. Lakini pale pa matete mwalimu mwingine alisoma, "Mwizi anajificha," na hakuna aliyecheka wala kupiga kigelegele. Walitazama tu, kama wanatazama mbuzi.

Edmond aliacha kitenge juu ya kiti, bila kuaga. Alihamia Sakania baadaye, na sikusikia tena kwamba alimsifia mtu kitu. Kitenge kilikaa kitini mpaka Kaku akamwita Leonia amsomee kilichoandikwa. Leonia akasoma. Kaku akaomba asome tena, taratibu. Kisha mwanamke yule mzee akapanda kisanduku, akashusha shuka, akatundika kitenge mahali pake, maneno yakitazama upande wa barabara, upande wa kiti cha mkono, ili kila mgeni akiketi ayasome. Padre alipokuja kwa habari ya ubatizo aliketi pale. Alisoma. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaongea juu ya ubatizo. Na jioni ile Kaku, kutoka nyuma ya kitenge, akasema na ukuta, "Mwambieni ule muntu: mi nilimusikia." Papa Donasiani alikuwa uani na tonge mkononi. Hakungoja Leonia amletee maneno. Aliweka tonge chini, akavua kofia, akabaki hivyo kitambo, ananyeshewa, maana mvua ya mwisho ya mwaka ilirudi siku ile.

Ni kitenge kile kile tulichomfunika Leonia. Leo, jeneza lilipotoka mlangoni, baba yake Serafini, mkwe wa Leonia, mtu mzima wa suti, mwenye nyumba huko Golf, mtaa wa wenye pesa, alikuwa amesimama kando ya njia. Lilipokaribia, aliacha njia. Aliingia kwenye majani marefu ya kiwanja cha jirani, viatu vyake vizuri ndani ya matope, akainamisha kichwa, akaweka mkono juu ya macho. Nilimsikia, kwa sababu nilikuwa karibu: "Pita, mama." Wabebaji walipunguza mwendo. Serafini akanishika mkono. "Kaku, papa anajificha nini?" Nikamwambia, "Hajifichi. Anampa njia." Aliangalia kitenge, akamwangalia baba yake, na simu akaitia mfukoni.

Jioni tumekula bukari, sombe na dagaa wa ndakala, na kuku mmoja wa jirani. Baba yake Serafini ameingia kula ndani ya nyumba ya Leonia kwa mara ya kwanza. Walimwekea sahani chumbani, kwa kuwa hakuna tena wa kumpisha. Hakumaliza.